Mtani Haombwi Alama

Bibi yangu alianza kuniita Mwalimu kabla sijajua hata kushika chaki. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu cha wasichana, huko bara, enzi za Mwingereza, na yeye alikwisha kutangaza Temeke nzima. Nikienda kisimani, "Mpisheni Mwalimu ateke maji!" Nikikaa uani napaa samaki, "Mwalimu, magamba hayo yanaruka." Nikamwambia, bibi, ngoja basi nifaulu kwanza, chuo chenyewe hata mlango wake sijauona. Akanitazama akasema, "Kwani mtoto hupewa jina akishaota ndevu?"

Bibi yangu alikuwa Mzaramo wa Temeke, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo uliojulikana mpaka Mbagala. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye aliyesema nitasoma wakati wanaume wote wa ukoo walikuwa wanasafisha koo wakitafuta namna ya kusema hapana.

Aliyekuwa hacheki ni baba mdogo. Tulikaa naye nyumba moja, yeye vyumba vya mbele, sie vya uani. Hakuwa mtu mbaya, tena alinipenda, ila alikuwa mtu wa kungoja. Hata uji alingoja mwingine auonje. Alikuwa na mabinti wawili, na bibi alimsumbua juu ya shule mpaka akanunua kitambaa cha samawati cha kushonea magauni yao, kisha akakifungia sandukuni. "Tumwone kwanza huyu mkubwa," alisema. "Akirudi na cheti, na wangu wataandikishwa. Akirudi mikono mitupu, tusiongezeane fedheha." Basi nilipopanda treni nilikuwa na kombe la bibi tumboni, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa nikanywa, na shule ya watoto wawili nimeibeba mgongoni. Sikuomba kuibeba, lakini ndiyo hivyo, nilikuwa nayo.

Sasa niseme jinsi tulivyosahihishwa, maana siku hizi watu wanadhani alama hudondoka kutoka mbinguni. Mtihani wetu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ya maandishi. Unaandika namba badala ya jina, karatasi zinafungwa, zinakwenda kwa watu usiowajua, ambao hawajui wewe mtoto wa nani wala umelelewa vipi. Ya pili ni kufundisha. Unasimama mbele ya watoto wa kweli, na mkaguzi anakaa nyuma na karatasi yenye vifungu: maandalio, sauti, ubao, zana, maswali, nidhamu. Kila kifungu kina alama zake. Na sheria ilikuwa kwamba ukianguka kufundisha umeanguka vyote, hata kama kwenye maandishi umeandika kwa wino wa dhahabu.

Aliyetufundisha mambo hayo, na ambaye ndiye angekuja kutukagua, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mrefu, kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, soksi mpaka magotini. Pale chuoni sijapata kumwona akicheka. Alikuwa na semi mbili tu. Ya kwanza aliisema kwa mdomo: "Alama haziombwi." Ya pili aliiandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa karatasi zetu: "Umeulizwa nini?"

Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa yangu mie. Sie watu wa Pwani hatujibu swali hivi hivi. Mtu akikuuliza njia ya kwenda Kiwalani, huanzi na njia. Unaanza na hali yake, na ya watoto, na jua la leo, njia itajitokeza yenyewe. Basi siku moja likaja swali la jaribio darasani: Taja mambo manne yanayofanya darasa liwe safi. Mie nikafungua na faida ya usafi katika maisha ya binadamu, nikapita kisimani, nikamsimulia na jirani yetu mmoja asiyefagia uwanja wake, na ukurasa wa tatu ndiyo kwanza nafika mlangoni mwa darasa. Kengele ikalia. Mwenzangu wa dawati, msichana wa Kimakua kutoka Masasi, Mkristo, mpole kama uji, aliandika mistari minne. Minne! Ufagio, madirisha, ndoo ya taka, watoto kunawa. Akapata alama zote. Mie nikapata moja, na hata hiyo moja nadhani alinipa kwa kuuhurumia wino.

Nikavimba. Hasira zangu hazikai mbali, ziko hapa puani. Nikamfuata mwalimu wa Tabora barazani.

"Mwalimu, mie nimeandika kurasa tatu."

"Nimeziona."

"Na huyu kaandika mistari minne."

"Nimeiona."

"Sasa haki iko wapi?"

"Uliulizwa nini?"

Nikavuta pumzi nianze kumweleza tangu mwanzo, kumbe mwalimu alikwisha kuondoka. Msichana wa Masasi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanihurumia akanifundisha, na nimewafundisha wengi baada ya hapo. Piga mstari chini ya neno linalokuamuru. Taja ni kutaja, ukimaliza kutaja nyamaza. Eleza ndiyo ueleze. Ukiulizwa manne ukatoa saba, msahihishaji atasoma manne ya kwanza, na kama zuri lako lilikuwa la saba umelizika mwenyewe. Na uanze na swali unaloliweza, usianze na lile linalokukasirisha. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mie.

Maandishi nikayafanya hivyo, kwa uchungu, kama mtu anayemwaga mchuzi. Ikabaki kufundisha. Mwaka ule chuo kilitugawa katika shule za karibu na kwetu, na mie nikaangukia Temeke, darasa la pili. Nilipofika nyumbani bibi akapiga vigelegele mpaka kuku wakapanda mkorosho. "Mcheza kwao hutuzwa!" Nikamsimulia mambo ya chuo, na ile "Umeulizwa nini?" akaipenda kupita kiasi. Siku mbili hizo muuza samaki hakupata raha. Akijitia kueleza bahari ilivyochafuka, bibi anamkata: "Umeulizwa nini? Nguru bei gani?"

Kisha akauliza lile ambalo laiti ningelijua ningemeza ulimi. "Na huyo anayekuja kukupima, mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Bibi akaweka chini kata ya maji. "Mnyamwezi? Mtani wangu? Basi umeshafaulu, kapike tule."

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe ilipokuwa inashuka Pwani. Mtani atakutukana, atakuvua kofia, atalala kitandani kwako na viatu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Na bibi yangu katika mambo hayo alikuwa bingwa. Mnyamwezi akifa upande wetu, bibi huitwa. Kuna msiba mmoja nilimwona kwa macho yangu: jeneza limewekwa mlangoni lingoje maiti, yeye akapanda, akajinyoosha, akasema amechoka, abebwe yeye kwanza, na hashuki mpaka apewe kuku. Wafiwa walicheka na machozi yao mashavuni. Kuku akaletwa, akashuka.

Nikampigia magoti. "Bibi, nakuomba. Huyu si wa kutaniwa. Huyu ni mtu wa serikali, na ana sheria yake, alama haziombwi."

"Nani kasema naomba? Mtani haombwi, mtani hunyang'anywa."

"Bibi, wale watoto. Nikianguka mie, wale watoto hawasomi."

Hapo akawa mpole kidogo. Akaniapia kwamba hatakuja shuleni kuniombea alama. Nikalala. Kwa maneno yenyewe aliyoyaapa, hakusema uongo hata kidogo.

Somo langu lilikuwa mbu na mazalia yake. Nilitaka zana nzuri, maana zana zina kifungu chao, na picha ya mbu kila mtu huchora. Mie nilitaka watoto wauone mwili wa kitu chenyewe. Nikazunguka nyuma ya nyumba asubuhi, na palepale chini ya mpera kulikuwa na mtungi mdogo wenye pengo mdomoni, wa maji ya mvua ya kuoshea miguu. Nikachungulia: viluwiluwi wanacheza ngoma. Sikuwa na chombo kingine cha kuyabebea, nikajitwika mtungi wenyewe nikaenda zangu.

Mwalimu wa Tabora akafika kwa baiskeli ya idara, nyeusi, inang'aa, ameiazima ofisini mjini. Akaiegemeza kwenye mkorosho wa shule, akaingia, akaitikia salamu ya watoto, akakaa nyuma kabisa na karatasi yake gotini. Nikaanza. Na nilianza vizuri, msinione hivi. Nikauliza nani amepata kuugua homa. Mikono yote juu. Nani amesikia mlio sikioni kabla hajalala. Mikono juu. Sauti inafika, chaki haikwaruzi. Nikasema moyoni, mabinti wa baba mdogo, jiandaeni.

Hapo kengele ya baiskeli ikalia nje. Kring, kring. Watoto wakageuka dirishani, na mie nikageuka. Majirani zetu wawili, kina mama watu wazima, walikuwa wanaisukuma baiskeli ya Malkia kuelekea kwetu, mmoja anasukuma, mwingine anapiga kengele na vigelegele. Kabla sijafunga mdomo, mlangoni pakaingia giza. Alikuwa bibi. Akatandika upande mmoja wa kanga kizingitini, akalala chali.

"Mnyamwezi!" alisema akitazama dari. "Nimesikia unampima mke mwenzangu. Baiskeli yako iko kwangu, na mlango ndio huu nimeulalia. Utatoka kwa kuniruka, na mtani hamruki mtani mwenziwe. Toa alama uende zako."

Mwalimu wa Tabora hakucheka. Hata hakusimama. "Mama," alisema, "hapa ni kazini."

Mama! Mtani hamwiti mtani wake mama. Nikamwona bibi yangu uso ukimshuka. Katika maisha yake yote hakuna Mnyamwezi aliyepata kumjibu vile. Alibaki amelala pale, mikono haijui iende wapi, na nilimhurumia, na papo hapo nilikuwa na hasira naye, nikamkasirikia na yule mwanaume kwa soksi zake. Nikamtazama. Yeye hakuwa anamtazama bibi. Alikuwa ananitazama mie, kalamu imesimama juu ya karatasi, na nikajua imesimama kwenye kifungu gani. Nidhamu.

Basi nikajiuliza: umeulizwa nini? Sikuulizwa huyu ni bibi wa nani. Sikuulizwa nani ana haki, Pwani au Tabora. Niliulizwa kama naweza kulishika darasa.

"Wewe mtoto uliyechelewa!" nikasema. "Darasani hatulali. Simama."

Watoto wakavuta pumzi kwa pamoja. Kumwita mtu mzima vile mbele ya watu, tena bibi yako mzaa baba, Temeke ile, ni kutafuta laana. Lakini mlango mmoja ulikuwa wazi nami niliupita huohuo: bibi na mjukuu ni watani nao. Yeye mwenyewe ananiita mke mwenzake tangu nazaliwa. Akainua kichwa taratibu. Nikaona jicho linarudi kung'aa.

Akasimama, akajifunga kanga, akavuka mikono kifuani. "Samahani, mwalimu. Nimechelewa, nilikuwa nanyonyesha."

"Kaa pale mbele. Na usirudie."

Akakaa dawati la mbele kati ya watoto wawili, magoti yakigonga ubao. Nikaendelea na somo. Nikamimina maji ya mtungi kwenye gilasi nikaipitisha wawaone vizuri wale wanaopinda na kujinyoosha. Nikauliza, ni nini hawa? Mkono wa bibi ukapanda juu kuliko yote. Nikampa nafasi.

"Hao ni watoto wa mbu, mwalimu. Na mwenye maji hayo ni mchafu. Mchafu, tena mvivu, na watu wa nyumba yake wanaugua kwa ajili yake. Mtu wa namna hiyo aletwe hapa mbele tumwone."

Mtoto mmoja wa nyuma akasimama bila kuitwa. "Mwalimu, mtungi huo ni wa kwake bibi. Una pengo. Uko pale tunapochumaga mapera."

Darasa likapasuka. Wengine walipiga madawati, wengine walilala juu yake. Bibi akageuka akautazama mtungi, akalitazama pengo, akanitazama mie. Nilitaka zana tu, Mungu ni shahidi, sikutaka kumwaibisha. Lakini kalamu ya nyuma ilikuwa inaandika, na darasa bado lilikuwa langu. Nikagonga meza. Kimya.

"Mwanafunzi," nikamwambia, "mwenye maji haya afanye nini?"

Bibi yangu akanyamaza. Narudia: bibi yangu akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Ayamwage. Na mtungi aufunike."

Hakuongeza neno. Nikasema, "Vizuri sana. Mpigieni makofi," wakampigia, naye akayapokea kwa kichwa kilichoinama.

Kipande cha reli, ndicho kengele ya shule, kikagongwa, mwalimu wa Tabora akakunja karatasi, akawashukuru watoto, akatoka. Nje hakukuwa na baiskeli. Akauliza njia ya kwetu, akashika njia kwa miguu na soksi zake katika mchanga wa Temeke. Mie nikamfuata kwa nyuma na mtungi kichwani.

Baiskeli ilikuwa chumbani kwa bibi, imelazwa kitandani, imefunikwa kanga kama mzazi aliyejifungua jana. Yule mtu akasimama mlangoni, akavua kofia, na palepale akageuka mtu mwingine. "Hodi, wezi wa Pwani!" Nusura niangushe mtungi. Akapita, akaingia chumbani, akajitupa kitandani kando ya baiskeli na viatu vyake. "Mie Mnyamwezi nimetembea kwa miguu kwa sababu ya wala nazi wavivu. Sitoki. Nipikieni."

Mbona bibi alichanua! Walitukanana mchana kutwa. Bibi akamwambia babu yake alibeba pembe mpaka shingo ikazama tumboni. Yeye akasema, na wako alikaa Pwani akingoja zitue aibe. Alikula wali wetu akasema ni mbichi, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha akamkimbiza kuku mwenyewe uani, kaptula yote vumbi, akamkamata mtetea wa bibi akamfunga nyuma ya baiskeli. Hapo bibi akamwuliza, anafuta machozi ya kicheko, "Haya, mpagazi. Alama?"

"Za mjukuu wako?" Akapanda baiskeli. "Amefeli. Tangu Mwingereza atie mguu nchi hii hajatokea aliyefeli namna ile."

Akaenda zake, kuku analia nyuma.

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini baba mdogo alikuwa amesimama ukumbini, ndiyo anarudi kutoka kazini, na yeye hakucheka.

"Amesema amefeli?"

"Mtani huyo! Mtani akikwambia umefeli, umefaulu. Akikwambia umefaulu, hapo ingia ndani ukalie."

"Mama, mtu wa serikali kasema kwa mdomo wake, na ana karatasi mfukoni."

Akanitazama kama ananiuliza mie. Sikujua. Yule mtu mmoja nilimwona mara mbili siku moja, na wote wawili wana uso mmoja. Yule wa darasani hasemi mzaha. Yule wa uani hasemi kweli. Huyu aliyetamka neno lenyewe, akiwa mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, alikuwa yupi?

Baba mdogo safari hii hakungoja. Kabla sijarudi chuoni, kile kitambaa cha samawati kilitoka sandukuni kikashonwa foronya. Mabinti walipewa kila mmoja mto wake, mzuri, umejazwa sufi mpya, wakaulalia wanalia. Bibi alimtukana mwanawe kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Na kuna jambo jingine nililiona, likaniuma peke yangu. Tangu siku ile ya darasani bibi hakuniita tena Mwalimu. Ilikuwa mke mwenza, mke mwenza tu. Temeke yote ilikuwa inasimulia habari ya mtungi, watoto wanaimba njiani, "ayamwage, aufunike," nami nikafikiri ameniwekea kinyongo.

Siku ya matokeo msichana wa Masasi ndiye aliyenisomea ubaoni, maana macho yangu yaliona ukungu. Alikuwa amefaulu. Nami nilikuwa nimefaulu. Nilipiga kelele ambayo bibi angejivunia. Kisha mwalimu wa Tabora akatuita mmoja mmoja kutuonyesha karatasi za kufundisha. Kwenye sauti aliandika: inatosha, ipunguzwe. Kwenye zana: zinafaa sana, zisirudishwe nyumbani. Kwenye nidhamu alinipa alama zote, na chini yake: amemtuliza mwanafunzi mgumu kuliko wote niliopata kuwaona.

Hasira zikanipanda badala ya furaha. "Mwalimu, mbona ulisema nimefeli?"

"Nilisema wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani nilikuwa kwa watani. Ulitaka niseme nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia kitambaa, sanduku, na foronya mbili, na watoto wawili wanaolala juu ya shule yao. Nilieleza tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza hakunikata. Aliitazama kalamu yake nyekundu. "Sikumwona huyo baba," alisema mwishowe. Kisha akasema, "Mwambie foronya hufumuliwa."

Nilifika Temeke jua la alasiri. Baba mdogo alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma, akakigeuza, akasoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Akaingia ndani, akatoka na mito miwili na wembe, akakaa barazani akaanza kufumua mwenyewe. Sufi iliruka uwanja mzima, ikatuingia puani, mabinti wanapiga chafya na kucheka wanaikimbiza. Magauni yao ya shule yalikuwa na mshono mmoja wa ajabu katikati ya kifua, na waliyavaa mpaka yakachakaa.

Bibi alikuwa uani chini ya mpera. Mtungi wa pengo ulikuwa pale pale, umeoshwa, umefunikwa kawa mpya. Nikamwinamia. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akanipitia kwa macho kwanza, akaona cheti mkononi. Kisha akasimama, akajifunika kanga kichwani vizuri, akavuka mikono kifuani kama alivyovuka pale dawatini.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Niliutafuta utani usoni mwake. Niliutafuta machoni, na pembeni mwa mdomo ambako siku zote alikuwa anauficha. Haukuwepo. Mtu mzima yule, aliyenifuta makamasi, alikuwa amenishika miguu mie.

"Bibi, acha basi. Mie ni nani? Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyesema nisome walipokataa wote, na siku ile ya mtungi mie sikukusudia, nilitaka tu..."

"Umeulizwa nini?"

Nikalia. Alingoja nilie nimalize, hakuondoa mikono kifuani. Kisha, kwa sauti ambayo ingenikosesha alama zote za sauti, nikasema, "Marahaba."